Ulaya ya Sven-Göran Eriksson na Ulaya unayoniuliza wewe

Mpwa wangu,

Swali lako limenifikia, na kwa kuwa umelipitisha pia kwa ndugu wengine ili washuhudie nitakachosema, nitakujibu kwa kirefu na bila kupamba. Unasema kwamba Sven-Göran Eriksson, kocha wa soka, mtoto wa kondakta wa basi kutoka Torsby, mji mdogo wa huku huku Värmland, mkoa wa Uswidi ninakoishi, alifundisha Benfica, Roma, Lazio na hata timu ya taifa ya Uingereza ilhali hakuwahi kuwa mchezaji mashuhuri. Kwa hiyo wewe, mwenye leseni B ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na uliyeinusuru timu yenu isishuke daraja, huoni unachopungukiwa isipokuwa mjomba wa kukutafutia klabu na kukulipia nauli. Mama yako naye ameongeza kwamba wazungu hawana fitina, wao hutazama kazi tu.

Nianze na sehemu ya maisha yake ambayo huku inajulikana na huko nyumbani haitajwi. Eriksson alizaliwa mwaka 1948, akawa beki wa kawaida wa timu za madaraja ya chini, akasomea ualimu wa elimu ya viungo, na goti likamlazimisha kuacha kucheza akiwa na miaka 27. Aliyemwingiza katika benchi la ufundi ni Tord Grip, waliyewahi kuwa pamoja katika klabu ya Karlskoga, ambaye mwaka 1976 alimchukua kuwa msaidizi wake Degerfors, mji wa kiwanda cha chuma. Grip alipoondoka mwaka uliofuata, Eriksson alirithi timu ya daraja la tatu na kuipandisha. Wakati huo Waingereza wawili vijana, Bob Houghton aliyekuwa Malmö na Roy Hodgson aliyekuwa Halmstad, walikuwa wameleta Uswidi mfumo wa 4-4-2, yaani mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili, wenye kukaba kwa eneo na kuufupisha uwanja, na makocha wengi wa hapa waliwapinga wakidai kwamba wanaua soka la Kiswidi. Eriksson hakuingia katika ugomvi huo kwa maneno. Alijifunza kutoka kwa wageni hao na kuyatumia aliyojifunza.

Mwaka 1979 alichukuliwa na IFK Göteborg, na mwaka 1982, akiwa na wachezaji ambao wengi wao walikuwa na kazi nyingine za mchana, alitwaa Kombe la UEFA kwa kuifunga Hamburg 1-0 nyumbani na 3-0 ugenini. Hakuna klabu ya Uswidi iliyokuwa imewahi kutwaa kombe la Ulaya. Benfica hawakumwita kwa sababu alikuwa na mjomba Lisbon. Walimwita kwa sababu timu ya wafanyakazi wa mchana ilikuwa imewaaibisha Wajerumani kwao, mbele ya Ulaya nzima, na klabu yoyote iliyohitaji kocha ilikuwa imeona. Tena usidhani pasipoti yake ilimfungulia mlango kama inavyowafungulia Waswidi wa leo, maana Ureno iliingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986 na Uswidi ikajiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995. Alikwenda Lisbon akiwa mgeni kamili, akajifunza Kireno, na akaupata ubingwa wa ligi katika misimu yake miwili ya kwanza.

Jambo ninalolikumbuka zaidi katika historia yake lilitokea Roma, alikohamia mwaka 1984, nalo wahamiaji wenzangu hulielewa bila kufafanuliwa. Kanuni za soka la Italia wakati huo hazikuruhusu kocha mgeni, kwa hiyo katika makaratasi kocha wa Roma alikuwa Mtaliano, Roberto Clagluna, na Eriksson akapewa cheo kingine ingawa kazi yenyewe aliifanya yeye. Wapo watu wengi katika miji ya Ulaya wanaofanya kazi chini ya jina la mwingine na kuamini kwamba ni fedheha ya Waafrika peke yao. Mswidi mwenye kombe la Ulaya mkononi alianza hivyo hivyo, tofauti ikiwa kwamba yeye alilipwa vizuri na hakuna aliyemtafuta kumrudisha kwao.

Kuhusu mafanikio yake unajua mengi, lakini unayajua kama mtu anayetazama kabati la vikombe, na mimi nataka uone pia alivyokuwa akiondoka. Msimu wa 1985/86 Roma ilikuwa inakaribia ubingwa, ikafungwa 3-2 uwanjani kwake na Lecce iliyokuwa tayari imeshuka daraja. Kombe la Italia alilolichukua mwaka huo halikutosha kulifuta jambo hilo, na mwaka uliofuata aliondoka. Akapita Fiorentina, akarudi Benfica na kufika fainali ya Kombe la Mabingwa la mwaka 1990 aliyofungwa na Milan 1-0, akakaa Sampdoria miaka mitano, kisha akajiunga na Lazio mwaka 1997. Huko alitwaa Kombe la Washindi mwaka 1999, na tarehe 14 Mei 2000 akawa bingwa wa Italia baada ya Lazio kumaliza mchezo wake na kusubiri habari kutoka Perugia, ambako Juventus, mshindani wake wa ubingwa, ambayo mchezo wake ulichelewa kwa sababu ya mvua kubwa, ilifungwa 1-0. Lakini Januari 2001 hakuwa tena kocha wa Lazio: ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba anakwenda Uingereza, matokeo yakaharibika, akajiuzulu. Ubingwa ambao klabu hiyo ilikuwa imeupata mara moja tu kabla yake, mwaka 1974, haukumlinda hata miezi minane.

Sasa nimjibu mama yako juu ya fitina. Eriksson alipoteuliwa kuwa mgeni wa kwanza kuifundisha timu ya taifa ya Uingereza, baadhi ya magazeti ya huko pamoja na wasemaji wa makocha wa Kiingereza walilalamika waziwazi kwamba ni aibu kwa nchi iliyouanzisha mchezo kuongozwa na mtu wa nje. Manung'uniko yalinyamaza kwa muda Septemba 2001, alipoifunga Ujerumani 5-1 mjini Munich, kisha yakarudi kila alipotolewa katika robo fainali ya Kombe la Dunia au la Ulaya, na alitolewa mara tatu: na Brazili mwaka 2002, na Ureno mwaka 2004 na 2006, zote mbili kwa mikwaju ya penalti. Maisha yake ya faragha yaliuzwa magazetini kwa miaka yote hiyo, na Januari 2006 mwandishi aliyejifanya tajiri wa Kiarabu alimnasa akizungumza yasiyopaswa kusemwa. Mwezi huo huo ikatangazwa kwamba angeondoka baada ya Kombe la Dunia. Huyo ni mzungu, dada yangu, aliyekwenda kufanya kazi kwa wazungu, tena mpole na mtulivu kiasi ambacho hata utulivu wake ulihesabiwa kuwa kosa.

Baada ya hapo njia yake ilizidi kuyumba. Manchester City ilimwacha mwaka 2008 baada ya msimu mmoja, Mexico wakamtimua Aprili 2009, na mwaka huo huo akaenda kuwa mkurugenzi wa soka wa Notts County, klabu ya daraja la nne iliyodaiwa kuwa na wawekezaji matajiri wa Mashariki ya Kati, ambao ilikuja kubainika kwamba fedha hizo hawakuwa nazo. Ninakusisitizia hilo kwa sababu wewe umeniandikia juu ya wakala anayetaka umlipe ili akupeleke kwenye majaribio ya ukocha. Ikiwa mtu aliyezunguka klabu kubwa kwa karibu miaka thelathini, mwenye wanasheria wake, aliweza kuahidiwa utajiri ambao haupo, jiulize wewe utakagua kwa chombo gani ahadi za mtu uliyemwona kwenye simu.

Nije kwa habari zako. Hapa Uswidi ligi mbili za juu za wanaume zina timu 32, maana yake nafasi za kocha mkuu ni 32 nchi nzima, na katika ligi kuu anatakiwa mwenye leseni ya UEFA Pro, ya juu kabisa katika leseni za ukocha za Ulaya, na leseni yako ya CAF haigeuki kuwa hiyo kwa kuvuka mpaka. Timu za watoto ni nyingi mno, ila wanaozifundisha kwa kawaida ni wazazi wanaojitolea bila malipo, jioni, kwenye baridi, baada ya kazi zao. Tena mazoezi yote huendeshwa kwa Kiswidi. Mwaka 2023 serikali ilipandisha kima cha mshahara kwa anayeomba kibali cha kazi hadi asilimia 80 ya mshahara wa kati wa nchi, na hakuna klabu ya kijijini itakayomlipa kocha mgeni kiasi hicho.

Utaniambia kwamba Michael Olunga alitoka Gor Mahia akaja Djurgården, na kwamba kabla yake McDonald Mariga alipitia Helsingborg. Ni kweli, lakini hao ni wachezaji. Klabu ikimchukua mchezaji inanunua mali; Olunga alikuja mwaka 2016, na mwaka uliofuata akauzwa Uchina. Kocha hauzwi hivyo, na anaposhindwa humwachia mwajiri gharama ya kuvunja mkataba, ndiyo maana klabu humchukua yule ambaye kazi yake imekwisha kuonekana mahali fulani. Kwako mahali hapo bado ni ligi ya nyumbani.

Eriksson aliendelea kutafuta benchi hadi Uchina na Ufilipino, akarudi Värmland, na alifia nyumbani kwake karibu na Sunne tarehe 26 Agosti 2024. Watu wa huku humsema vizuri, na sababu mojawapo ni kwamba hakujifanya mtu asiyetoka Torsby.

Basi nauli ya kuja kwa viza ya matembezi sitaituma. Viza hiyo ni ya siku 90, hairuhusu kufanya kazi, na kibali cha kazi kwa kawaida huombwa mtu akiwa bado nje ya nchi. Wakala huyo usimpe hata shilingi. Ila ukipata nafasi katika kozi ya leseni A, nitumie barua ya shirikisho yenye kiasi cha ada na akaunti yao, nami nitawalipa wao moja kwa moja, si kupitia kwako, na mama yako anajua kwa nini.