Kabla ya Kuchanganya Sikilidi Tangini: Nani Akae na Nani

Wanaoanza kufuga samaki wa ukoo wa sikilidi huniuliza swali moja kuliko yote: "Huyu anaweza kukaa na yule?" Huwa sijibu ndiyo wala hapana mpaka nijue tangi lina urefu gani, maji yake yakoje, na nani wengine wamo. Samaki wawili wanaoishi kwa amani kwenye tangi la sentimita 150 wanaweza kuuana kwenye la sentimita 80. Ndiyo maana utasikia mfugaji mmoja akiapa kwamba wanapatana na mwingine akiapa kwamba hawapatani, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Sikilidi ni ukoo mkubwa sana, wenye spishi zaidi ya 1,600 zilizokwisha kuelezwa kisayansi. Sato na perege wamo, furu wa Ziwa Victoria wamo, na wale wenye umbo la pembetatu kutoka mto Amazon wamo pia. Kwa hiyo kusema tu "nafuga sikilidi" hakutuambii chochote kuhusu nani akae na nani.

Kanuni ninayoifuata mimi ni hii: samaki wa tangi moja wafanane katika maji na chakula, watofautiane katika sura na mahali wanapokaa. Wengi huenda kinyume. Jicho limependa rangi ya manjano, basi wananunua wa manjano watatu wa spishi tofauti, mmoja wa maji laini na mwingine wa maji magumu, mmoja mla mwani na mwingine mla samaki wenzake. Vurugu za tangi hilo unaweza kuzitabiri hata kabla halijajazwa maji.

Tuanze na maji, maana hapo hakuna mjadala mrefu. Maji ya Ziwa Nyasa, ambalo wengine huliita Ziwa Malawi, yana pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya karibu 7.7 hadi 8.6. Ya Ziwa Tanganyika yamepanda zaidi, karibu na 9, na yana madini mengi. Sikilidi wengi wa Amazon wamezoea maji laini yenye pH ya 7 au chini yake. Pima maji ya bomba lako kwanza, pH na ugumu, ndipo uamue ni samaki wa upande gani watakaoishi humo bila wewe kupigana na kemia kila wiki. Ukiwa na maji magumu, wa maziwa makubwa ya Afrika ndio wako. Yakiwa laini na bado unawataka hao, mchanga wa matumbawe au mawe ya chokaa yatainua pH polepole na kuishikilia hapo.

Lipo jambo moja la maji ambalo wafugaji wa sikilidi wa Afrika hawapaswi kulipuuza. Kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia, inayotokana na uchafu wa samaki, inavyozidi kuwa sumu. Kwenye nyuzi 25, maji yakiwa na pH ya 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH ya 8.5 inapita asilimia 10. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa maji laini angekivumilia kinaweza kuua mbuna, yaani sikilidi wa miambani wa Ziwa Nyasa. Kwa hiyo filta ikomae kwanza, yaani bakteria wanaovunja uchafu huo wazaliane humo, wiki nne hadi sita kwa kawaida, mpaka vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri. Hapo ndipo orodha ya samaki inakuwa na maana.

Chakula nacho hugawa samaki. Mbuna wengi wana utumbo mrefu kwa sababu wanakwangua mwani juu ya mawe siku nzima. Tropheus wa Ziwa Tanganyika ni hivyo hivyo. Ukiwalisha vyakula vizito vya nyama kila siku, hatari ya ugonjwa wa kuvimba tumbo inaongezeka, na ukishaingia tangini ugonjwa huo ni mgumu kuutoa. Aulonocara, naye wa Ziwa Nyasa, kwa upande wake ni mla wadudu. Kichwa chake kina vitundu vinavyohisi mtikisiko wa kijidudu kilichojificha mchangani, naye hutulia juu ya mchanga kama anayesikiliza, kisha anapiga mdomo chini ghafla. Ni moja ya mambo mazuri ninayoyajua kuyatazama. Huyo anahitaji protini. Ukimweka na Tropheus, mmoja atakula chakula kisichomfaa, na hutaweza kuwatenganisha wakati wa kula.

Ndiyo sababu Labidochromis caeruleus, yule wa manjano mwenye mstari mweusi kwenye pezi la mgongoni, ninampa nafasi kila mara. Ni mbuna, lakini porini hula wadudu wengi kuliko mbuna wenzake, na hasira zake ni ndogo. Yeye ndiye mbuna ninayemwamini karibu na Aulonocara.

Halafu kuna mdomo wenyewe. Sikilidi hamli mwenzake kwa chuki, anakula kinachoingia. Cyphotilapia frontosa, yule mkubwa mwenye nundu usoni na mistari mipana, hutembea taratibu na kumfanya mtu adhani ni mpole. Anapita sentimita 30, na Cyprichromis wembamba wanaolala juu ya kichwa chake ni chakula chake hata huko ziwani. Nimbochromis livingstonii hulala ubavu chini akajifanya mzoga ili vifaranga wasogee. Ukimnunua akiwa na sentimita 6, panga tangi kwa ajili ya samaki wa sentimita 25, kwa sababu huyo ndiye utakayekuwa naye.

Sasa hasira, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapokwama.

Watu hudhani samaki hupigana kwa sababu ni tofauti. Nilichokiona mimi tangini ni kinyume chake. Dume humshambulia zaidi yule anayefanana naye, kwa kuwa huyo ndiye mshindani wa majike na wa shimo la mwamba. Dume wa bluu mwenye mistari myeusi atamwandama mwingine wa bluu mwenye mistari, hata kama si wa spishi yake, huku akimpita wa manjano kana kwamba hamwoni. Kwa hiyo ninapopanga, naweka picha za madume waliokomaa kando kwa kando na kuuliza: je, wawili kati ya hawa wana rangi moja na mistari ya namna moja? Wakifanana, mmoja anatoka kwenye orodha. Na usitazame picha za vifaranga. Maylandia lombardoi jike ni wa bluu, lakini dume akikomaa anageuka manjano, na hapo ndipo anapogongana na Labidochromis uliyemweka kwa amani.

Kufanana kuna hasara ya pili: uchotara. Sikilidi wa Ziwa Nyasa wanakaribiana sana kidamu, na jike akikosa dume wa kwake atamkubali wa jirani. Labidochromis caeruleus na Maylandia estherae hupandana tangini. Aulonocara ni wabaya zaidi kwa hili, kwa kuwa majike wa spishi mbalimbali wote ni wa kijivu na hata macho yaliyozoea hushindwa kuwatofautisha. Msimamo wangu hauyumbi: kama kuna majike, spishi moja tu ya Aulonocara kwa tangi. Unayependa rangi nyingi za Aulonocara, fuga madume watupu, kila mmoja wa rangi yake, bila jike hata mmoja. Bila majike sababu kubwa ya ugomvi inaondoka, na rangi zinabaki.

Majike wakiwepo, wawe wengi. Dume mmoja kwa majike watatu au wanne ndicho kiwango ninachokishika kwa mbuna na Aulonocara. Jike wa samaki hawa hubeba mayai mdomoni kwa karibu wiki tatu bila kula vizuri, na akiwa peke yake na dume atakimbizwa mpaka achoke. Akiwa na wenzake, usumbufu unagawanyika.

Kwa mbuna, watu hushangaa wanaponisikia nikisema waongezwe idadi ili ugomvi upungue. Dume mwenye himaya akiwa na mpinzani mmoja, anamkimbiza huyo asubuhi hadi jioni. Wakiwa wengi, hapati wa kumshikilia. Chindongo demasoni ndiye mfano wa wazi: wanne kati yao watabaki mmoja, lakini kundi la 12 au zaidi huishi. Ila msongamano huu una masharti. Filta iwe na nguvu kuliko tangi linavyohitaji, na theluthi moja ya maji au zaidi ibadilishwe kila wiki. Wala usiupeleke kwa samaki wengine: Aulonocara na wale wa Ziwa Tanganyika hawaupendi kabisa.

Wapo pia ambao siwaweki kwenye tangi la mchanganyiko hata wakiwa wazuri vipi. Melanochromis auratus ni wa kwanza. Ni mdogo, ana mistari ya dhahabu inayovutia, na ndiye mara nyingi huuzwa kwa wanaoanza. Dume akikomaa hugeuka mweusi na kulitwaa tangi zima.

Nikipewa tangi la sentimita 150 kwa 50 kwa 50, lenye lita 375 kabla ya mawe na mchanga, hivi ndivyo ningelipanga kwa samaki wa Ziwa Nyasa. Labidochromis caeruleus wanane, wawili wakiwa madume, kwenye mawe. Aulonocara wa spishi moja, dume na majike wanne, kwenye uwanja wa mchanga ulioachwa wazi upande mmoja. Copadichromis borleyi, dume na majike wanne, kwa ajili ya maji ya katikati na juu. Chini ya mawe ngogogo wanne wa Synodontis petricola, ambao ni wa Ziwa Tanganyika lakini maji haya yanawafaa. Ni samaki 22. Hawalingani sura, hawagombei mahali, na wote wanakula chembe zilezile za chakula. Watu hutamani kuongeza "mmoja tu" wa bluu. Ningewasihi waache.

Kwa tangi la sentimita 120 moyo wangu uko Ziwa Tanganyika. Huko samaki wamegawana mahali kuliko kokote ninakokujua, na ukiwafuata wanavyoishi, tangi linajipanga. Cyprichromis leptosoma 12 wanaogelea juu kwa kundi. Julidochromis transcriptus wawili waliochaguana wenyewe wanashika rundo la mawe upande wa kushoto. Altolamprologus calvus wawili wanapenya kwenye nyufa za kati. Upande wa kulia, mchangani, unatawanya makombe ya konokono na kuweka Neolamprologus multifasciatus, samaki wasiofika hata sentimita 5 wanaoishi na kuzaa ndani ya makombe hayo na kuyatetea kwa ujasiri. Kati ya mawe na makombe acha mchanga mtupu wa sentimita 30 au zaidi. Mpaka huo ndio amani yenyewe.

Neolamprologus brichardi ni mrembo kuliko hao wote kwa mapezi yake, na wakubwa katika watoto wake husaidia kuwalinda wadogo zao. Kwa sababu hiyohiyo usimchanganye. Ukoo unakua, na kila kizazi kinawasukuma wengine pembeni hadi wanabanwa kona ya juu karibu na hita. Mpe tangi lake.

Wa Amerika Kusini nawapa maneno machache. Pterophyllum scalare, yule wa umbo la pembetatu, anahitaji kimo cha sentimita 45 au zaidi na wenzake wapole, na Apistogramma hukaa chini yake bila shida. Usimchanganye na mbuna. Astronotus ocellatus anapita sentimita 30 na atameza kila kinachoenea mdomoni, basi mpangie yeye kwanza kabla ya mwingine yeyote.

Orodha ikishakamilika, utaratibu wa kuwaingiza nao una uzito. Weka mawe moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi kabla ya mchanga, kwa sababu sikilidi huchimba na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka. Anza na wapole, wakubwa na wadogo waingie kwa siku tofauti, na mkali aingie mwisho akiwa mdogo kuliko wenyeji. Kwa mbuna, afadhali waingie wote pamoja wakiwa vifaranga, mradi filta imekomaa. Ukilazimika kuongeza mgeni baadaye, hamisha mawe siku hiyo hiyo. Mipaka ikivunjika, kila mmoja anaanza kutafuta upya na mgeni hapati kipigo cha peke yake.

Kisha tazama, hasa wiki za mwanzo na tena wanapofika sentimita 6 hivi, umri ambao wengi huanza kukomaa. Samaki anayening'inia pembeni karibu na uso wa maji, mapezi yameraruka, asiyekuja kula, hatapata nafuu kwa kusubiri. Mtoe siku hiyo. Kwa hiyo tangi dogo la akiba lenye sponji iliyokomaa liwe kwenye mpango tangu mwanzo, sambamba na orodha ya samaki. Litakufaa pia kwa jike anayetema vifaranga. Na samaki uliyemtoa umtafutie mfugaji mwingine. Usimwachie mtoni wala ziwani, kwa kuwa Ziwa Victoria lilipoteza aina nyingi za furu baada ya sangara kuletwa humo katika miaka ya 1950 na 1960.