Ngao na kitako cha sanamu ndogo ya Mfalme Richard wa Kwanza

Ndugu, umeuliza sanamu yako ndogo ya Richard wa Kwanza wa Uingereza ipakwe simba wangapi kwenye ngao, na kitako, yaani kibao inachosimamia, kiweje ukimweka vitani Arsuf, alipopigana na Saladini katika Vita vya Msalaba. Wale simba watatu wanaojulikana wamo kwenye muhuri wake wa pili, wa 1198. Arsuf ilipiganwa Septemba 1191, na muhuri wake wa kwanza unaonyesha simba mmoja aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Mimi ningempa huyo mmoja, wa dhahabu juu ya nyekundu.

Deraya ya pete za chuma ndiyo inayopendeza zaidi. Ipake rangi nyeusi, iache ikauke vizuri. Kisha chovya brashi kwenye rangi ya fedha, ifute kwenye kitambaa hadi ibaki karibu kavu, uipitishe juujuu. Pete zitajitokeza zenyewe, na mashimo yatabaki meusi.

Kitako: hiyo ni pwani ya Palestina mwisho wa kiangazi, kwa hiyo gundi nyeupe, mchanga uliochekechwa na majani makavu ya manjano. Kichaka kimoja cha kijani kilichofifia kinafaa, maana msitu ulikuwa karibu. Nyasi mbichi usiweke kabisa.