Leseni Kwanza, Tiketi Baadaye: Maswali ya Wauguzi Wanaotaka Kwenda Nje

Ajira za Serikali zikichelewa kutoka, maswali yanayoletwa kwangu huwa ya aina moja: leseni ya nje inapatikanaje? Nimechagua yale yanayojirudia, nimeyafupisha, na majina ya walioyauliza nimeyaondoa.

Shikamoo sista. Nina shahada ya uuguzi, intanshipu nimemalizia hapa Dar, leseni ya Baraza la Uuguzi ninayo. Mmoja ananiambia nitafute kazi kwanza, mwingine visa, mwingine mtihani. Naanzia wapi? (Tabata)

Marahaba mwanangu. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, ila kila mmoja anazungumzia nchi yake. Leseni hutolewa na baraza la wauguzi la kule unakokwenda, kazi hutolewa na mwajiri, visa hutolewa na serikali. Hao hawakai ofisi moja, na anayekuambia kwamba yote matatu yeye anayo mkononi, muage kwa adabu uondoke.

Ukitaka Uingereza, maombi unayafungua kwa baraza lao, NMC, ukiwa hapohapo Tabata. Wanahakiki elimu na usajili wako, unafanya mtihani wa kompyuta uitwao CBT, kisha unatafuta mwajiri na visa. Mtihani wa vitendo, OSCE, unaufanyia kulekule: vituo 10, vinne vya kumhudumia mgonjwa kuanzia kumpima hali hadi kumkabidhi, vinne vya ujuzi wa mikono, viwili vya kuandika kimya. Marekani mpangilio ni mwingine. Unafaulu kwanza NCLEX, mtihani wao wa leseni, halafu mwajiri anakuombea, ndipo unakaa kwenye foleni ya visa ya uhamiaji ambayo inaweza kula miaka. Na mwanzoni mwa 2026 Marekani ilisitisha visa hizo kwa Watanzania, kwa hiyo hakikisha kwanza kama zimefunguliwa. Nchi za Ghuba hutumia kampuni ya DataFlow, inayoandikia chuo chako, Baraza na hospitali ulizofanya kazi kuuliza kama karatasi zako ni za kweli, na mtihani wao wengi huufanyia kwenye vituo vya kampuni ya Prometric. Ila jua kwamba Dubai ina mamlaka yake na Abu Dhabi yake, na Saudia nayo hivyohivyo. Leseni ya Dubai haikufungulii wodi Riyadh.

Chagua nchi moja kabla hujalipa hata senti. Wapo waliofungua maombi ya nchi tatu kwa mpigo, wakaishiwa hela katikati ya zote tatu.

Na popote uendapo, hatua ya kwanza iko hapa nyumbani. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndilo litakaloithibitishia nchi ya nje kwamba umesajiliwa na huna kesi ya kinidhamu. Leseni yako ikiwa imeisha muda, uthibitisho huo utasema hivyo. Ihuishe kwanza, ndipo uombe.

Mimi nina stashahada tu, na mdogo wangu ana cheti cha miaka miwili. Tunaweza kuomba, au ni mpaka digrii? (Mbagala)

Wewe wa stashahada, ndiyo. NMC wanataka kujua kama elimu uliyosoma ndiyo inayokupa usajili wa muuguzi nchini kwako, na kipimo chenyewe wameuachia mtihani wao. Marekani pia wapo wenye stashahada wanaofanya NCLEX-RN, yaani NCLEX ya muuguzi msajiliwa, mradi ulimaliza sekondari kabla ya chuo na masomo yako, darasani na wodini, yamegusa watu wazima wa tiba na upasuaji, uzazi, watoto na afya ya akili. Hapo kwenye afya ya akili ndipo wengi wetu hukwama. Mtu alikwenda hospitali ya akili ya Mirembe kweli, alikaa, alifanya kazi, lakini transkripti yake, ile karatasi ya masomo na alama zake, haionyeshi saa za mafunzo hayo. Nenda chuoni ukaombe karatasi inayoonyesha saa za kila eneo, nadharia na vitendo mbalimbali. Usisubiri waandike kutoka ng'ambo kuuliza.

Mdogo wako mwenye cheti hawezi kuingia kwa mlango wa muuguzi msajiliwa. Ajiendeleze kwanza hadi stashahada, abadilishe usajili wake, kisha ndiyo aanze hizi habari.

Nimesoma kwa Kiingereza tangu Form One mpaka chuo kikuu. Kwa nini nilipie tena mtihani wa Kiingereza? (Kimara)

Kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha yao ya nchi ambazo watu wengi lugha yao ya kwanza ni Kiingereza, na barua ya chuo peke yake haitoshi. Inakera, lakini ndivyo ilivyo.

NMC wanapokea mitihani miwili. IELTS, ile ya Academic, unatakiwa upate 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Ukichagua OET, ule wa Kiingereza cha watu wa afya, ni daraja B kwenye hayo matatu na C+ kwenye kuandika. Ukikosa kidogo hujapoteza kila kitu: unaweza kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanyika ndani ya miezi 12, mradi kwenye IELTS hakuna alama iliyoshuka chini ya 6.5 kwa yale matatu au chini ya 6 kwa kuandika.

Watu wetu huanguka kwenye kuandika, wala si kwa kukosa Kiingereza. Muuguzi anaandika ripoti ya zamu kwa vipande: "mgonjwa ametulia, dripu inaendelea." IELTS inataka insha ya maneno 250 yenye hoja na ushahidi, na maelezo ya chati au jedwali, vyote kwa saa moja. Ndiyo maana mimi huwasukuma wengi kwenye OET. Pale utaandika barua ya kitaalamu kuhusu mgonjwa, mara nyingi ya rufaa, na mtu aliyekwisha kuandika rufaa kutoka Mwananyamala kwenda Muhimbili tayari anajua nini kiwekwe mbele na nini kiachwe. OET ni ghali zaidi, hilo sikatai.

Usiufanye mapema mno. Matokeo yanahesabiwa kwa miaka miwili, na nimeona watu waliofaulu vizuri yakaisha muda wakati chuo bado kinatafuta transkripti.

Kuna wakala Sinza anataka milioni 15. Anasema nichukue kwanza visa ya kuhudumia wazee Uingereza, leseni ya uuguzi nitaipata nikifika. Nimeshauza kiwanja. Nifanye nini? (Temeke)

Dada, hela bado iko kwako? Kama iko, ishike.

Tuanze na hiyo visa. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje. Anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuuzia kitu ambacho hakipo. Njia ya muuguzi bado iko wazi, ila nayo nafasi za wageni zimepungua sana kuliko miaka michache iliyopita, na mtu mwaminifu atakuambia hivyo.

La pili, sheria ya Uingereza inamkataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Mwajiri ndiye humlipa wakala. Kwa hiyo hata kama kazi ingekuwepo, hizo milioni 15 zina walakini. Hapa kwetu pia wakala binafsi wa ajira lazima awe na leseni ya Serikali. Mwombe akuonyeshe. Ukishapata namba yake, kaulize Ofisi ya Kamishna wa Kazi kama wanamtambua. Dakika hiyo ndiyo wengi hugeuka wakali.

La tatu wengi hawalijui. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Ya mwaka 2023 ilikuwa na nchi 55, na Tanzania imo. Uingereza huiita orodha nyekundu: waajiri wao na mawakala wao hawaruhusiwi kuja kuchota wauguzi katika nchi hizo. Ujerumani nayo ina katazo la aina hiyo kwa mawakala binafsi. Katazo hilo halikufungi wewe. Ukiona tangazo la kazi mwenyewe na ukaomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri, hujavunja chochote. Lakini anayejitambulisha kama "wakala wa NHS Tanzania", yaani wa huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, huku anakusanya vyeti na pesa, huyo ameshajieleza.

Na hiyo ya "leseni utaipata ukifika" ni kweli nusu, ndiyo maana inauzika. OSCE hufanyika huko, sawa. Ila kubadilisha nepi na kulisha wazee, kazi yenye heshima yake kabisa, haikusogezi hata hatua moja kuelekea usajili. Kila hatua ya NMC kabla ya OSCE unaweza kuiombea na kuilipia mwenyewe kwa simu yako na kadi ya benki: uhakiki wa elimu paundi 140, CBT paundi 83. OSCE yenyewe ni paundi 794, na hospitali nyingi za NHS humlipia muuguzi zilizomwajiri. Ada hubadilika, angalia kwenye tovuti yao siku unayolipa. Piga hesabu mwenyewe uone milioni 15 zilikuwa zinakwenda wapi.

Kama hela umeshampa, kusanya risiti, meseji na namba za miamala, nenda polisi. Usimtishie kwenye simu kwanza, utampa muda wa kuhama.

Cheti cha Form Four nimeandikwa Hadija, kitambulisho cha NIDA Khadija, na pasipoti imefuata NIDA pamoja na jina la mume. Itasumbua? (Kigamboni)

Itasumbua. Kwetu Hadija na Khadija ni mtu mmoja. Afisa aliyeko mbali ana mafaili mawili ya watu wawili.

Kwa tofauti ya herufi, hati ya kiapo ya wakili pamoja na cheti cha ndoa kwa hilo jina la mume huweza kutosha. Ikiwa jina zima limebadilika, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Fanya kabla hujafungua maombi popote, na jina utakaloandika kwenye maombi liwe la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa sababu siku ya mtihani watalinganisha na pasipoti. Ukifungua kwa jina moja na ukaja na pasipoti ya jina jingine, unarudishwa mlangoni na ada imekwenda.

Chuo changu hakijibu barua pepe za uhakiki. Naweza kuibeba transkripti mwenyewe kwenye bahasha iliyofungwa? (Ubungo)

Hapana. Wahakiki wa Marekani na wa Ghuba wanataka jibu kutoka chuoni moja kwa moja. Mara nyingi barua imefika kwenye anwani ambayo hakuna anayeifungua. Panda gari uende chuoni, umtafute anayeshughulikia taaluma, umwonyeshe barua ilivyo na tarehe ya mwisho, na upate anwani ya barua pepe inayosomwa kweli. Kisha uwape wahakiki anwani hiyo. Chuo kikiwa kimefungwa au kimebadili jina, uliza NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kumbukumbu za wanafunzi zilihamia wapi. Kwa shahada, uliza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

Ni kweli NCLEX ikijifunga kwenye swali la 85 umefeli? (Sinza)

Si kweli. Kompyuta inakupa swali kulingana na ulivyojibu lililotangulia: ukipata, linalofuata huwa gumu zaidi. Ikishakuwa na uhakika juu yako, inasimama. Maswali ni kuanzia 85 hadi 150, muda ni saa tano. Kusimama kwenye 85 kunaweza kuwa kufaulu vizuri au kufeli vibaya. Ukifeli, unasubiri siku 45.

Ada ni dola 200, na ukifanyia nje ya Marekani kuna nyongeza. Kabla ya hapo chagua jimbo kwa makini. Leseni ya Marekani hutolewa na jimbo, na mengine yanadai namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, ambayo mtu aliyeko Dar hana. Vyeti huhakikiwa na CGFNS, ambao mwaka 2025 walibadili jina kuwa TruMerit, usishtuke ukiyaona yote mawili.

Kusoma tena madaftari ya chuo hakutakusaidia sana. Sisi tumezoea jibu la "mjulishe daktari". NCLEX inakuuliza wewe muuguzi utafanya nini kwanza, na kati ya wagonjwa wanne utaanza na yupi.

Ujerumani hawahitaji IELTS, si ndiyo rahisi zaidi? (Mbezi)

Hawahitaji Kiingereza, wanahitaji Kijerumani, na kwa leseni kwa kawaida ni kiwango cha B2, yaani juu kidogo ya kati. Masomo yapo Goethe-Institut pale Upanga. Uhakiki hufanywa na mamlaka ya jimbo, na wakiona pengo kwenye elimu yako utachagua mafunzo ya kuliziba au mtihani. Kama unapenda lugha, nenda. Kama unakimbia IELTS tu, utakutana na sarufi ngumu zaidi.

Nina miaka 43. Nimechelewa? (Gongo la Mboto)

NMC na NCLEX hawana kikomo cha umri.

Mimi ni mwajiriwa wa Serikali. CBT nimefaulu, mwajiri wa Uingereza amenipa ofa. Niache kazi sasa nijiandae? (Ilala)

Hongera, lakini usiache. Ofa si visa. Bado una kipimo cha kifua kikuu na cheti cha Polisi chenye alama za vidole, na lolote kati ya hayo linaweza kuchelewa ukajikuta miezi kadhaa huna mshahara. Hakikisha pia jina la mwajiri limo kwenye orodha ya waajiri wenye kibali cha kudhamini visa. Serikali ya Uingereza huiweka wazi.

Barua ya kuacha kazi iandike visa ikishatoka, na ufuate muda wa notisi ili usiache doa kwenye faili. Ila barua ya uthibitisho wa kazi iombe sasa hivi, ukiwa bado unavaa yunifomu. Muuguzi mfawidhi anayekujua leo anaweza kuhamishiwa Katavi mwezi ujao, na anayekuja hatakuwa na cha kusema juu yako.