Aliyekosa fainali, medali yake iko wapi?

Wiki hii maswali karibu yote yanazunguka kitu kimoja, kwamba kwenye AFL ya Australia, ule mpira wao wa umbo la yai unaopigwa kwa mguu na kwa ngumi, medali ya ubingwa anavaa aliyecheza Grand Final tu, yaani fainali yenyewe ya mwisho, aliyebaki nje hata kama amepiga kazi msimu mzima hana chake. Hili jambo linaniuma miaka sasa, kwa hiyo leo sigusi kingine.

Swali: Ni kweli kabisa hawapewi? Hata aliyeumia wiki moja kabla? (dada wa Mombasa, kaka yake yuko Melbourne)

Kweli dada. Klabu ya AFL inasajili wachezaji zaidi ya 40. Siku ya fainali wanaanza 18 uwanjani, wengine wako benchi, jumla 23 basi. Hao ndo wanapanda jukwaani, wanavishwa medali na watoto wa Auskick, ile programu ya watoto wadogo wanaojifunza mpira, kisha picha inapigwa ambayo itakaa ukutani klabuni miaka na miaka. Wengine wako pembeni wanapiga makofi.

Na wa wiki moja kabla wapo tele. 2022 Max Holmes wa Geelong, kijana wa miaka 20, msuli wa nyuma ya paja ulimkamata nusu fainali na Brisbane, wiki iliyofuata wenzake wanaichapa Sydney pointi 133 kwa 52 yeye anaangalia. 2023 Dan McStay wa Collingwood akaumia goti nusu fainali, timu yake ikashinda kwa pointi nne tu, 90 kwa 86, tena dhidi ya Brisbane klabu aliyotoka yeye. 2024 Brisbane nao wakachukua, mtu wao mrefu Oscar McInerney bega lilikuwa limechomoka nusu fainali. Misimu mitatu mfululizo, watatu hao, na wote waliumia wakiipeleka timu fainali, yaani mguu au bega la mtu ndo limelipia tiketi halafu siku ya sherehe anaambiwa hayumo.

Swali: Kaka mimi naona sawa tu, fainali ni fainali. Ukianza kugawa medali kwa kila mtu inakuwa kama pipi. (msomaji wa Arusha)

Hoja yako naiheshimu na wachezaji wengi wenyewe wanasema hivyo hivyo, kwamba kama hukukanyaga nyasi siku ile wewe sio bingwa. Lakini hebu tuangalie 2019, Richmond. Jack Graham alikuwa kiungo wao, nusu fainali dhidi ya Geelong bega likachomoka, hakutoka, akaendelea kucheza na kukaba watu na bega hilo hilo mpaka timu ikapita. Fainali hakuweza. Kwenye kikosi akaingia Marlion Pickett, ambaye alikuwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya AFL maishani, mechi yake ya kwanza kabisa ndo Grand Final, kitu ambacho kilikuwa hakijatokea tangu 1952. Akacheza vizuri sana, akafunga na goli, Richmond wakashinda 114 kwa 25. Pickett ana medali ya 2019 na Graham hana.

Pickett alistahili, hilo silipingi hata kidogo, na njia aliyopita mpaka kufika pale ni ya kumtoa mtu machozi. Ila nauliza, medali yenyewe inaitwa ya nini? Wao wanaiita ya "premiership", ubingwa wa msimu, hawaiiti medali ya mechi ya mwisho. Mwenye mechi moja ni bingwa wa msimu, aliyecheza na bega limetoka mahali pake sio bingwa wa msimu. Mimi hapo ndo nakwama.

Na hiyo ya kukanyaga nyasi nayo ilishavunjwa na wao wenyewe. 2021 Melbourne walichukua ubingwa kule Perth, wa kwanza tangu 1964, sabu wao wa majeruhi, yule anayeingia mwenzie akiumia, alikuwa James Jordon, akakaa benchi mechi nzima hakuingia hata dakika moja, na medali akapewa. Nikasema safi, wamempa haki yake. Lakini sasa ukishampa mtu ambaye hakugusa mpira siku ile, sababu ya kumnyima mwenzie ni ipi hasa? Msimu huo huo yupo Nathan Jones, mechi 302 na klabu hiyo, kipindi kingi timu iko mkiani na yeye ndo nahodha anavumilia, wiki ya fainali alikuwa amesharudi nyumbani mke wake anajifungua mapacha. Jones sisemi apewe kwa huruma, nitaeleza chini kwa nini, ila ule ubishi wa "lazima uwe umecheza" umeshakufa.

Swali: Mbona yule kocha wa Bulldogs alimpa nahodha wake? Kwa hiyo kumbe inawezekana? (kaka wa Dar)

Unamsema Luke Beveridge na Bob Murphy, 2016. Hii wengi wanaijua na wengi wanaitumia kutetea upande wangu, na mimi nitawashangaza.

Murphy alikuwa nahodha wa Western Bulldogs, klabu ya upande wa magharibi wa Melbourne, watu wa kazi za mikono, ambayo mpaka hapo ilikuwa imechukua ubingwa mara moja tu, 1954. Raundi ya tatu, na Hawthorn, dakika za mwisho, goti likakatika, ile kano ya ACL, msimu umekwisha. Timu ikamaliza nafasi ya saba. Kabla ya hapo hakuna timu iliyowahi kuwa bingwa kutoka ya saba. Wakaenda Perth wakashinda, wakampiga Hawthorn aliyekuwa bingwa mtetezi, wakaenda Sydney wakamtoa GWS, klabu nyingine ya huko, halafu tarehe 1 Oktoba mbele ya watu karibu laki moja wakaifunga Sydney Swans 89 kwa 67. Miaka 62 imeisha. Kocha bingwa naye ana medali yake, inaitwa Jock McHale. Beveridge amevishwa yake, akamwita Murphy jukwaani, akaivua shingoni mwake akamvika yeye. Nahodha wa muda Easton Wood akamshika mkono wakainua kombe pamoja. Nimeitazama video ile mara nyingi na kila mara koo linakaba.

Lakini Murphy alicheza mechi tatu msimu ule. Tatu. Na yeye mwenyewe baadaye aliirudisha medali kwa sababu alijua ni ya kocha wake. Ile ilikuwa zawadi ya mtu kwa mtu, kubwa kuliko sheria yoyote, na nadhani ibaki hivyo. Tukitunga sheria kwa kumtazama Murphy tutatunga sheria ya machozi, atakayepewa ni yule anayependwa na kamera imemkuta analia, na yule asiyejulikana aliyecheza mechi 20 kimya kimya ataendelea kukosa. Timu ile ile alikuwepo Mitch Wallis, alivunjika mguu mwezi wa saba akiwa tegemeo pale katikati, nani anamtaja leo? Mimi hesabu yangu naianzia kwa akina Wallis.

Swali: Majeruhi sawa, na aliyeachwa na kocha makusudi? (msomaji, Nairobi)

Huyu kwangu ndo ana haki kuliko wote.

1993, Essendon, kocha Kevin Sheedy. Derek Kickett, mchezaji wa jamii ya wenyeji wa Australia, fundi kwelikweli, alicheza kila mechi ya msimu ule. Kila mechi. Wiki ya fainali kocha akamwacha. Essendon wakamfunga Carlton 133 kwa 89. Kickett akaondoka zake klabuni akaenda Sydney, na yeye na Sheedy hawakusemeshana kwa miaka. Mtu amebeba maji kutoka kisimani mpaka mlangoni, mlangoni ananyang'anywa ndoo, halafu aliyeipokea ndoo ndo anasifiwa. Kocha ana haki ya kupanga timu anayoona itashinda, hiyo kazi yake, na siku ile alishinda kwa hiyo simlaumu kwa kupanga. Ila kupanga timu ya Jumamosi moja hakuwezi kufuta miezi sita ya mtu.

Halafu 2010. Collingwood na St Kilda wakatoka sare fainali, 68 kwa 68, na enzi hizo sheria ilikuwa mnarudia wiki inayofuata (ilibadilishwa 2016, sa hivi ni muda wa nyongeza). Leon Davis wa Collingwood alicheza ile sare. Marudio akaachwa, akaingia Tyson Goldsack ambaye ndo akafunga goli la kwanza, Collingwood 108 kwa 52. Kwa hiyo Davis amecheza Grand Final ya mwaka ambao timu yake imekuwa bingwa, tena sare ile wangepoteza kusingekuwa na marudio wala kombe, na bado hana medali. Huyu hata kwa sheria yao wenyewe ya kukanyaga nyasi alikanyaga jamani.

Swali: Na aliyefungiwa kwa kosa lake? (msomaji yuleyule)

Hapa nitakuwa mkali. Klabu ya West Coast 2018 walichukua kwa kumfunga Collingwood 79 kwa 74, na nje walikuwepo watatu wakubwa. Nic Naitanui, goti raundi ya 17. Brad Sheppard, msuli wa paja mechi yao ya kwanza ya hatua ya fainali. Na Andrew Gaff, ambaye mwezi wa nane alimpiga ngumi dogo wa Fremantle wa miaka 18, Andrew Brayshaw, mbali na mpira, taya likavunjika, akafungiwa mechi nane. Naitanui apewe, Sheppard apewe bila hata kikao. Gaff hapana. Najua alijuta na najua alikuwa na msimu mzuri mpaka siku ile, ila taya la kijana wa watu ni taya la kijana wa watu, adhabu inakata na sherehe.

Swali: Soka letu la kawaida wanafanyaje? (mama mmoja, Mwanza, anasema wanawe wamebishana chakula kikapoa)

Shikamoo mama. Ligi Kuu ya Uingereza mchezaji akifikisha mechi tano ana medali, na klabu inapewa 40. Kombe la Dunia zamani lilikuwa kama AFL, 1966 Uingereza walivaa 11 tu waliokuwa uwanjani filimbi ya mwisho ikilia, Jimmy Greaves aliyeumia mguu na Ufaransa akakosa. 1962 Pelé aliumia mechi ya pili, Brazil wakachukua bila yeye. Mwaka 2007 FIFA wakakaa wakaamua vikosi vyote vya mabingwa wa zamani vipewe, Pelé akapata ya 1962 na Greaves akavishwa ya kwake 2009. Yaani wenye kombe kubwa kuliko yote duniani waliona walikosea wakarudi nyuma zaidi ya miaka 40 kurekebisha, na sijasikia mtu akisema medali ya Bobby Charlton, aliyecheza fainali ile ya 1966, imeshuka thamani.

Na mama, wanao wakumbushe kombe la mbuzi. Mimi nilikuwa beki wa timu ya mtaani, nikacheza mechi zote, siku ya fainali malaria imenilaza siwezi hata kukaa. Wenzangu wakashinda. Usiku nasikia hodi, wamekuja na bakuli la supu, na nyama ya paja, na hawakuwa wamegawana bado. Hakuna aliyeniuliza dakika zangu za fainali.

Swali: Basi tunga sheria wewe.

Nusu ya mechi za msimu wa kawaida. Sa hivi ni 23, kwa hiyo ukicheza 12 na klabu ikawa bingwa, medali yako ipo, ile ile, hakuna ndogo na kubwa. Aliyecheza fainali anapata hata kama ni mechi yake ya kwanza, Pickett hanyang'anywi. Aliyefungiwa kwa kuumiza mtu hapati. Jukwaa libaki la wale 23, ile ni siku yao na picha ni yao, hawa wengine wavishwe kwenye chakula cha jioni cha klabu mbele ya familia zao. Na irudi nyuma kama FIFA walivyofanya, Kickett awe wa kwanza kupigiwa simu.

Swali: Kwenye hiyo fainali ya 2016 kuna mtu wa huku kwetu? (kijana wa Lodwar)

Yupo ndugu yangu, tena wa jirani yako. Aliir Aliir, familia yake ya Sudan Kusini, amezaliwa kambi ya Kakuma hapo hapo Turkana, wakahamia Australia akiwa mtoto. 2016 alikuwa beki wa Sydney, timu iliyomaliza ya kwanza kwenye msimamo, na ndo mwaka alioanza kupangwa. Nusu fainali na Geelong goti likaumia. Fainali ile Beveridge alipomvika Murphy medali, Aliir alikuwa upande wa pili, na yeye nje kwa goti. Baadaye akaenda Port Adelaide na 2021 akaingia timu bora ya mwaka ya ligi nzima. Murphy siku ile walau kocha wake alimvulia ya kwake. Sydney wangeshinda, kijana wa Kakuma asingevishwa na mtu.