Re: Sampuli ya Ziwa Magadi haioti chochote kwenye agari

Ndugu muulizaji, salaam.

Unasema maji ya rangi ya waridi uliyoyachota Ziwa Magadi hayaoti chochote kwenye agari ya kawaida (rojo lililogandishwa la kuoteshea vijidudu), na kwamba uliyazimua kwanza kwa maji yaliyokenekwa. Anza na hayo maji. Rangi ile hutokana zaidi na arkea wapenda chumvi (vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria), ambao wakitiwa katika maji yasiyo na chumvi hupasuka papo hapo, hivyo huenda ulipandikiza mabaki yao tu.

Zimua kwa maji yenye chumvi ya kawaida gramu 200 hivi kwa lita, kisha andaa agari yenye chumvi kiasi hichohicho na pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 9.5 na 10. Natrialba magadii, arkea aliyepatikana katika ziwa hilohilo, hutaka mazingira ya namna hiyo. Magadi ya kupandisha pH (sodiamu kaboneti) yachemshwe kando na agari, yachanganywe vyote vikiwa bado vya moto, kwani vikipikwa pamoja agari hugeuka kahawia na kukataa kuganda, jambo linalokera kuliko yote katika kazi hii.

Funga sahani za agari ndani ya mfuko wa plastiki zisikauke, weka kwenye nyuzi 37, na usizitupe kabla ya wiki tatu. Punje nyeupe zinazokwaruza ukizigusa kwa sindano ni fuwele za chumvi. Koloni, yaani vishada vya vijidudu vilivyoota, huwa laini na huvutika.

Hukueleza ulichota wapi hasa. Ikiwa ni kwenye chemchemi za moto za pembezoni, punguza chumvi sana, kwa kuwa maji yale hayajakolea.