Marafiki wa mhamaji husambaa kwa mafungu
Umeuliza kama mtu anayehamahama huishia kuwa na marafiki kila kona ya dunia. Si hivyo hasa. Husambaa kwa mafungu: fungu moja alikokulia, jingine aliposoma, jingine anapofanya kazi, na katikati patupu. Tena wahamaji wengi hawaendi mbali. Mwanajiografia Ravenstein aliliona hilo tangu 1885 kwenye takwimu za sensa ya Uingereza.

Anayesahaulika ni aliyebaki nyumbani. Yeye hajapanda hata basi, lakini simu yake ina namba za nchi tatu, kwa kuwa dada yake, jirani na aliyesoma naye wote waliondoka. Na hao ndio watakaompokea siku naye atakapofunga mizigo.