Insulini haikai: kwa mnaoanza zamu wodini

Kila kundi jipya likiingia, madaktari wa intanshipu pamoja na wanafunzi wa uuguzi, najua wiki haitaisha kabla sijamkuta mmoja amefunga pampu ya insulini kwa sababu mashine imesoma sukari 11 (milimoli kwa lita). Mnakuja mmeiva. GLUT4, mlango wa kuingizia sukari kwenye seli, mnaieleza hata mkiamshwa usiku. Mkifika kitandani, mnasahau kwamba homoni ya peptaidi kama insulini haiingii ndani ya seli, na haikai kwenye damu. Nawapenda, ndiyo maana nawaandikia.

1. Jueni inapofanyia kazi. Peptaidi ni mnyororo wa asidi amino na hupatana na maji. Utando wa seli ni mafuta, kwa hiyo peptaidi haiupenyi. Insulini, yenye asidi amino 51, hubisha hodi kwenye kipokezi kilicho nje, na kazi inafanywa na walio ndani: protini moja inaiamsha nyingine kwa fosfati, mpaka GLUT4 zinapanda juu ya seli za misuli na mafuta kuchukua sukari. Glukagoni, homoni inayopandisha sukari, nayo hutumia cAMP, mjumbe wa ndani ya seli, kuliamuru ini liachilie sukari. Kotisoli, homoni ya msongo, ni steroidi na hupatana na mafuta, hupenya yenyewe hadi kwenye jeni, na kazi yake kubwa huchukua saa kadhaa. Insulini ya mshipani huanza kazi ndani ya dakika chache, na huondoka upesi vilevile.

2. Msifunge pampu kwa kutazama sukari peke yake. Hapa nitakaa kidogo.

Tuliletewa binti wa sekondari kutoka Kayole, anahema kwa nguvu, pumzi inanuka asetoni. Maji yakaanza, potasiamu ikapimwa, insulini ikawekwa uniti 0.1 kwa kilo kwa saa. Usiku wa manane sukari ikafika 11. Daktari aliyekuwa zamu, kijana mchapakazi na mwenye moyo mzuri, akafunga pampu, akaandika kwenye faili kwamba sukari imeshuka, akakimbilia mgonjwa mwingine kasualti.

Insulini ya mshipani, kila dakika tano hivi, nusu yake imeshaondoka. Ini na figo haziingoji. Kongosho la yule binti halikuwa na yake ya kujazia. Insulini ilipotoweka, seli za mafuta zikafunguka tena, asidi za mafuta zikamiminika kwenye ini, na ini likarudia kutengeneza ketoni, zile asidi zinazomfanya aheme hivyo. Alfajiri nilipopita na glukomita, sukari ilikuwa 19 na anahema vilevile alivyokuja. Mama yake, ambaye hakuwa amelala, akaniuliza, "Sista, si mlituambia imeshuka?" Sikuwa na jibu la kumpa mama aliyekesha. Tukaanza upya. Binti alipona, lakini ile ilikuwa mateso ambayo hakupaswa kuyapata.

Sukari hushuka kabla ketoni hazijaisha. Ikifika kama 14, ongeza dekstrosi na uendelee na insulini. Najua inawatia wasiwasi kumtundikia dekstrosi mgonjwa wa sukari, lakini ndiyo inayokupa nafasi ya kuendelea kuyazuia mafuta yasimwagike. Ketoni zikiisha na mgonjwa anakula, mdunge insulini ya muda mrefu chini ya ngozi saa moja au mbili kabla ya kuzima pampu.

3. Potasiamu kwanza. Insulini huisukuma ndani ya seli. Ikiwa chini ya 3.5, irekebisheni kabla ya kuanza.

4. Wagonjwa watawaomba vidonge. Waelezeni kwa upole: tangu Leonard Thompson, mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa insulini, adungwe Toronto Januari 1922, insulini bado si ya kumeza, kwa kuwa tumbo huimeng'enya kama protini yoyote ya chakula.

5. Ulizeni inawekwa wapi. Insulini na oksitosini, homoni nyingine ya peptaidi, hutaka nyuzi 2 hadi 8, na iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Mzee mmoja wa Githurai alikuja kliniki mara kwa mara, sukari haishikiki, nasi tukampandishia dozi kila alipokuja. Mwanafunzi wa uuguzi, msichana mpole ambaye hata sauti yake ilikuwa haisikiki kwenye raundi, ndiye aliyemuuliza anahifadhi wapi dawa. "Kwa friza ya bucha ya jirani," akasema mzee, tena kwa fahari, maana alijitahidi kuitunza. Asiye na friji atumie chungu chenye maji pembeni ya nyumba, mahali pasipo jua. Na mkimpa mgonjwa kama huyo chupa mpya, anzeni na dozi ya chini, kwa sababu ile ya zamani ilipandishwa kwa dawa iliyokufa.

6. Figo zikichoka, insulini hudumu zaidi mwilini. Mgonjwa akianza kushukiwa na sukari na dozi ni ileile, pimeni kriatinini, kipimo cha kazi ya figo, kabla ya kumgombeza kwamba hakula.